Mtoto Aliyenyonyeshwa Igalula

Siku moja haijanitoka moyoni mpaka leo, mwanangu, nayo ni siku niliyompoteza mke bila kugombana naye. Tangu ukiwa mdogo umeniuliza kwa nini mimi na mama yako tuliachana, nami nimekujibu kwamba ya wakubwa ni ya wakubwa. Leo nakujibu, kwa sababu nimesikia mkeo ameanza kujaza kanga tumboni ili majirani wamwone mjamzito. Nimesikia pia habari za yule binti anayeosha vyombo hotelini, stendi ya Igunga, kwamba akijifungua atawakabidhi mtoto kimyakimya. Usiniulize nani kaniambia. Mimi ni fundi cherehani, na watu wakija kupimwa nguo husema yote.

Basi nisikilize, wala usinikatize.

Nilikuwa sijaanza shule, tunakaa Igalula, baba yangu akifanya kazi kwenye reli. Msichana mmoja jirani yetu, asiye na mume, alifariki akijifungua. Mtoto akabaki kwa bibi yake, na bibi huyo hakuwa na hata mbuzi wa kukamua. Mama yangu wakati huo alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu. Akamchukua na yule mchanga, akawanyonyesha wote wawili masika nzima. Nasi Waislamu unajua: mtoto akinyonya kwa mama yako namna hiyo amekuwa ndugu yako, na ndoa kati yenu haipo.

Asubuhi moja akashuka mwanamke kutoka Tabora, amejifunika uso. Alikuwa amepatana na yule bibi, basi. Hakwenda kwa mwenyekiti, hakwenda ustawi wa jamii, wala hakutaja jina lake. Akampokea mtoto mlangoni kwetu na kupanda treni ya kurudi. Mama yangu alibaki pale mlangoni, maziwa yakimlowesha kanga. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akisema, "Sijui yule binti yangu alifikia wapi."

Nilipokua nikaja mjini Tabora, nikaweka cherehani kwenye baraza ya muuza vitambaa mmoja. Binti yake Salma ndiye aliyemletea chakula cha mchana. Alikuwa na kicheko, mama yako, cha kumfanya fundi ashone mkono wa shati mahali pa mfuko. Nikaposa, nikakubaliwa. Siku mama yangu alipokuja kutoka Igalula kuonana na wakwe, Bi Zuhura, mama yake Salma, alimchungulia dirishani, akarudi chumbani na kusema kichwa kinamuuma. Hakutoka kabisa. Tukasema ni kiburi cha watu wa mjini. Kumbe alikuwa amemtambua. Siku ile ya Igalula yeye alijifunika uso, lakini uso wa mama yangu ulikuwa wazi.

Angeweza kusema. Ndoa isingefungwa, watu wangetucheka wiki moja, yangekwisha. Lakini mji mzima ulikuwa umeambiwa kwamba Bi Zuhura amemzaa Salma mwenyewe, alipokwenda kwao Kigoma. Hata Salma aliamini hivyo. Bi Zuhura akaogopa kumpoteza, akavaa vizuri, akacheza harusini. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu.

Mimba yako ilikuwa imeshakuwa kubwa mama yangu alipokuja kumsaidia Salma. Alasiri moja tulikuwa uani, Bi Zuhura akichambua mchele, mama akimkanda Salma miguu huku akimsimulia habari za yule mchanga wa Igalula. Salma alisikitika, akasema huenda mtoto huyo yuko hai mahali fulani.

Bi Zuhura akaweka ungo chini. "Yuko hai," akasema. "Ndiye unayemkanda miguu."

Mama yangu hakulia. Aliondoa mikono yake taratibu, akabaki anaitazama.

Tulimwita sheikh wa mtaa, mzee mpole ambaye sikuwahi kumwona amekasirika. Alituambia ndoa haipo tena tangu saa ile, na kwamba mtoto aliye tumboni ni wetu na hana doa, kwa kuwa hatukujua. Kisha akamgeukia Bi Zuhura. "Kumlea mtoto wa mwenzio ni ibada," akamwambia. "Kumficha asili yake ni kumwibia."

Nikakusanya nguo zangu. Salma alinishikia mlango, hakujua aniite nani, nami sikujua nimuage vipi. Nilimpenda, mwanangu, na sikuruhusiwa hata kumkasirikia. Ulipozaliwa nilikuja kukubeba nikiwa baba yako na mjomba wako. Bi Zuhura aliishi muda mrefu baada ya hapo. Salma alimhudumia mpaka mwisho, akamwosha, akamlisha, lakini hakumwita mama tena.

Sasa umejua. Mama yako anajua kwamba ninakuambia. Ndiye aliyesema nisichelewe.

Sikukatazi kulea. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na nyumba yenu inahitaji mtoto. Ila nendeni ustawi wa jamii. Waje wawakague, wawaulize maswali mpaka mchoke, jambo lifike mahakamani na lipite mchana kweupe. Nenda kwa wazee wa yule binti, waone uso wako. Mtoto akinyonyeshwa na mtu, mjue ni nani na mtoto naye aambiwe. Akiuliza alikotoka, ajibiwe akiwa bado mdogo, kabla hajapenda mtu. Na mkeo aitoe hiyo kanga tumboni ajifunge kiunoni, ndipo mahali pake.

Mungu awape mtoto, mwanangu. Na awape nyumba ambayo mgeni akibisha hodi, atajibiwa karibu, bila mtu kumchungulia kwanza dirishani.