Dagaa Wasiotuliwa na Nzi

Wanawake wanaoanika dagaa kwenye chanja hawapimi ukavu wao kwa macho. Jua likishapanda, kila mmoja huokota wawili watatu, akawatupia mdomoni na kuwasikiliza. Dagaa mkavu huvunjika kwa sauti. Mbichi hujikunja jinoni. Scola alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hapo mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, nje kidogo ya Ujiji, na taya lake lilikuwa likipima lenyewe huku yeye akiwaza mengine.

Masika haya aliacha kutafuna. Hakumwambia mtu.

Ilianza na nzi. Mvua ikikatika nzi hujaa mwaloni kote, lakini kwenye chanja za bosi wao, Castory, walikuwa hawatui. Wenzake walisema ni bahati. Asubuhi moja Scola aliwahi kufika, akamwona Castory mwenyewe, bomba la dawa ya shamba mgongoni, kitambaa puani, akipulizia dagaa chanja kwa chanja. Chini, nzi waliokufa walikuwa wametapakaa kama pilipili manga iliyomwagika. Scola akarudi nyuma taratibu, akajificha kwenye mitumbwi hadi wenzake walipofika.

Magunia ya dagaa hao yalikuwa yakienda shule za bweni, njia ya Kasulu. Na fungu moja Scola alikuwa ameshampelekea mama yake Kidahwe.

Alikwenda mjini, Mwanga, akaaga kwamba anapeleka nguo kwa fundi, akaingia ofisi ya afya. Afisa mmoja, Agnesi, alifunga mlango ndipo akamsikiliza.

"Sheria inamlinda mtoa taarifa," alimwambia. "Jina lako halitatoka kwangu. Na akikufukuza kwa ajili ya hili, amevunja sheria. Uje uniambie."

"Asiponifukuza, akanifanyia jingine?"

"Hilo nalo uje uniambie. Usingoje."

Maafisa walikuja, wakachukua sampuli, wakaondoka bila kumtazama mtu. Majibu yalikuwa bado. Kesho yake asubuhi Castory alitokea na sinia la dagaa wa chanja zake. Hakusalimia.

"Jana nimeletewa wageni," alisema. "Wageni hawaoti kama uyoga. Wameitwa." Akawapitia usoni mmoja mmoja. "Halafu juzi gunia langu limerudishwa, dagaa wameota ukungu. Kuna mtu hapa ameacha kupima kwa jino. Mwanamke wa chanja haachi kutafuna bure. Leo tunapima wote, mbele yangu. Wa kukataa ndiye aliyewaita."

Kumbe Agnesi alikuwa amelificha jina la Scola, na Scola mwenyewe amelitangaza kwa kufumba mdomo.

Alikuwa wa mwisho mstarini. Akajipangia haraka: dagaa mmoja hamwui mtu. Nitamweka chini ya ulimi, nitacheka, nitatema baadaye. Nina watoto. Sinia likaanza kutembea. Mwanamke wa kwanza akatafuna, akameza. Wa pili naye. Hawakujua kitu, Scola hakuwa amewaambia, na sauti ile ya kuvunjika ilimwingia kichwani kama anavunjwa yeye.

Sinia likamfikia Veneranda, mjane aliyemfundisha Scola kazi, mwenye meno ya kuhesabika.

"Kifungua kinywa cha bure, bosi?" Veneranda alisema. "Ungeleta na ugali basi."

Wanawake wakacheka. Castory hakucheka. Veneranda akachota konzi nzima, akaijaza mdomoni, akaanza kusaga kwa bidii ya mwenye meno machache.

"Tema, mama," Scola alisema.

Kicheko kikakatika.

"Tema! Wana dawa hao. Nimemwona akipulizia."

Castory akatabasamu polepole. "Kumbe ni wewe."

Veneranda alitema mchangani, akajifuta kwa pindo la kitenge. Akalitwaa sinia mikononi mwa Castory, akamwinulia usoni.

"Basi tafuna wewe, bosi. Tuonyeshe kuwa Scola ni mwongo."

Castory alilitazama sinia. Mkono wake haukuinuka. Wale wawili waliokwisha kumeza wakashika matumbo yao, wakamtazama Scola, si Castory. Macho hayo angeyakumbuka muda mrefu.

"Toka mwaloni kwangu," Castory alisema. "Na njia ya kwenda kwako naijua."

Scola aliondoka bila kugeuka, akampigia Agnesi simu akiwa anatembea. "Afisa, jina langu limetoka."

"Nani kalitoa?"

"Mimi."

"Usirudi nyumbani. Njoo huku sasa hivi, tuandike vitisho vyake. Usije peke yako."

Alisimama barabarani. Hakujua amwombe nani. Nyuma yake alisikia mtu akisukutua na kutema, akisukutua na kutema. Veneranda alikuwa akija na chupa ya maji ya ziwa, na nyuma yake wale wawili.

"Ngoja, twende wote," Veneranda alisema. "Wewe uliona. Sisi ndio tuliokula."