Mwezi wa Nne wa Gisbert

Kwetu huku bonde la mto Mosel, mkulima wa zabibu huruhusiwa kuuza mvinyo wake uani kwake miezi minne kwa mwaka, basi. Akifungua hutundika fagio la vijiti langoni, akifunga hulishusha. Mwaka huu jirani yangu Gisbert Thielen alilishusha baada ya miezi mitatu tu, watu wakadhani anaumwa. Sababu naijua mimi, maana kijiji hiki hakina siri isiyopita kwangu kwanza.

Mwezi wa Aprili iliingia oda kwenye tovuti aliyotengenezewa na mpwa wake: chupa sita, ziende Umeå, Uswidi. Mnunuzi: Ingegerd Lindvall.

Gisbert alitafuta kiti akakaa. Huyo Ingegerd alikuja akiwa msichana kuvuna zabibu kwetu mwaka sabini na nane, akabeba kikapu mgongoni kwenye mteremko ambao hata mbuzi huukataa. Kisha akarudi kwao. Gisbert hakuoa.

"Nazituma leo," akaniambia.

"Tuma uone." Shule niliikimbia mapema, lakini sheria za ushuru nimezisoma zote, na baadhi nimezielewa. "Hapa mvinyo wetu hauna ushuru wa kilevi, kwao unao. Ukiuza kwa mtandao, mdaiwa ni wewe muuzaji. Ujisajili kwao, uweke dhamana, uwape taarifa kabla sanduku halijaondoka. Yote hayo kwa chupa sita, bwana?"

"Nitaandika ni siki."

"Wakionja ule wako wa mwaka juzi, wataamini."

Hakucheka. Akaikodolea macho ile oda. "Kwa hiyo hakuna njia?"

"Ipo moja. Mnunuzi akija mwenyewe, akabeba kwa mikono yake akanywe kwake, hadaiwi kitu. Mzee mwenzangu, Ulaya nzima imekaa ikatunga sheria ili wewe umwite yule mama, na bado unaogopa."

Barua ya mistari minne ilimchukua siku tatu. Jibu lilikuwa fupi zaidi: "Niwekee. Natibiwa goti. Nitakuja majani ya mizabibu yakiwa ya njano."

Ndipo akalishusha fagio, akaufungia kabatini mwezi wake wa nne akimngoja.

Sasa mteremko wote ni wa njano. Fagio liko langoni tangu Jumatatu, na uani kuna meza moja, bilauri mbili, na sanduku lililofungwa kamba yenye kishikio. Jana nilikwenda nikakalia kiti cha pili.

"Toka hapo," akasema.

"Nina kiu, jirani."

"Kiu yako ni ya tangu asubuhi."

Nikahamia kwenye ngazi. Treni ya Koblenz ikasimama ng'ambo ya mto. Gisbert akasimama pia, akavuta koti lake vizuri. Walishuka wawili, wote vijana. Akakaa, akaifuta bilauri ya pili, ingawa ilikuwa safi.

Mwezi wake umebakiza siku ishirini na tano. Yeye anasema hahesabu, kwa hiyo namhesabia mimi.