Reli Mbili Tulizotandika Sakafuni Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa msumeno. Msimamizi wa karakana ya barabara pale Tunduma, Mwingereza mfupi mwenye sauti nzito, alinipa ubao wa mninga na randa, akaniambia ninyooshe upande mmoja. Nilipomaliza nilimpelekea nikiwa na furaha. Akaweka rula juu ya ubao, akauinua kuelekea dirishani.

"Unaona nini chini ya rula?"

"Mwanga, bwana."

"Mwanga usipite. Rudia."

Nilirudia mara saba. Jioni ubao ulikuwa umebaki mwembamba, haufai hata kwa kiti, lakini mwanga haukupita. Akanitazama, akasema, "Kesho njoo." Ndivyo nilivyoajiriwa mimi, Asheri Simkoko, kijana wa Kinamwanga niliyekuwa sijafika hata miaka ishirini, wakati Waingereza walikuwa na miaka michache tu tangu wachukue nchi hii.

Vijana wanaonunua mbao zilizokwisha kulainishwa kwa mashine wananiuliza tulikuwa tunafanya nini hasa. Seremala wa barabara alikuwa mtu wa madaraja. Kabla ya zege kumwagwa, lazima pawepo umbo la mbao la kulishika mpaka ligande. Umbo hilo likikosewa inchi moja, daraja zima limekosewa. Nilifanya kazi hiyo kwenye mto Momba. Nikapelekwa Ivuna, ambako chumvi ya pale ilikula misumari ya magari ya ng'ombe hata tukaamua kutumia vigingi vya mti. Nikapandishwa milimani Ibaba, kwenye baridi na vijito visivyohesabika, chini ya msimamizi aliyekuwa hacheki kabisa. Huyo ndiye aliyenifundisha kuandika. Sisemi kusoma na kuandika kwa shule, kwani hiyo niliipata misheni. Nasema kuandika maagizo ya kazi. "Simkoko," alikuwa akisema, "agizo lako alisome mtu asiyekujua, usipokuwepo, na bado atengeneze kitu kilekile." Nilijiona nimelielewa somo hilo vizuri. Siku moja nilikuja kugundua sikulielewa.

Baada ya vita vya pili nilirudi Tunduma nikiwa fundi mkuu wa useremala. Bwana Injinia wa wakati huo alikuwa mtu wa aina yake. Wenzake walipenda kuwinda, yeye alipenda garimoshi. Nyumbani kwake alikuwa na mabehewa madogo ya kuchezea watu wazima, yameundwa kwa vipimo halisi, kila kitasa mahali pake. Reli haikuwepo Tunduma wala karibu na Tunduma. Kuipanda ilibidi usafiri siku nyingi, ama kaskazini kuelekea Tabora, ama kusini kuelekea migodi ya shaba. Labda ndiyo sababu aliikosa sana.

Alianza kutuonyesha mabehewa hayo Jumamosi mchana, baada ya kazi ya nusu siku. Tukajikuta tumekuwa chama. Tulikuwa watu tisa: mafundi, karani mmoja, mwalimu wa shule ya misheni, na yeye. Watu wa sokoni walituita "wazee wa garimoshi ndogo" na walitucheka, lakini walikuwa wakichungulia dirishani.

Siku moja Bwana Injinia alisema, "Simkoko, tufanye mashindano. Ya kirafiki. Kila mtu aunde behewa la mizigo kutoka ubao mtupu. Asinunue kitu ila misumari, gundi na rangi. Wewe utaandaa."

Nilikubali palepale. Nilikuwa nimejenga madaraja kumi na moja; behewa la kushikwa mkononi lingenishinda nini? Niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika mlangoni mwa karakana, sokoni, na nakala moja ikavuka mpaka kwa watu wetu wa upande wa pili. Niliandika kipimo: nusu inchi kwa kila futi moja ya behewa la kweli, yaani behewa la futi thelathini litakuwa na urefu wa inchi kumi na tano. Niliandika kwamba magurudumu yakerezwe na mshindani mwenyewe. Niliandika kwamba kila behewa litabeba ratili mbili za mchanga na kutembea kwenye reli ya majaribio, futi ishirini, bila kusukumwa tena baada ya kuachiwa. Lisilofika mwisho, halishindi; yatakayofika yatapewa alama kwa uundaji na kwa mchanga usiomwagika. Zawadi ilikuwa randa mpya ya chuma, ambayo Bwana Injinia aliitoa kwenye sanduku lake.

Reli hiyo ya majaribio niliitandika mwenyewe kwa vipande vya chuma vyembamba juu ya mataruma, vile vipande vya mbao vinavyolazwa chini ya reli, ncha moja ikiwa juu kidogo ili behewa literemke, nikifuata upana alionipa Bwana Injinia. Na hapa lazima niungame jambo. Mimi mwandaaji sikuwahi kuona garimoshi la kweli maishani. Nilidhani reli ni reli, kama vile futi ni futi.

Wakajitokeza washindani saba. Wawili ndio waliozungumziwa mji mzima. Wa kwanza alikuwa Yeremia Haonga, Mnyiha wa Mbozi, fundi chuma wetu, aliyefanya kazi miaka sita kwenye karakana ya reli Tabora kabla ya kurudi kulima kahawa na kuajiriwa kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na alijua ubora wake. Wa pili alikuwa Lameki Silungwe, aliyekuwa amerudi majuzi kutoka migodi ya shaba, ambako alitengeneza mabehewa ya kubebea mawe. Huyu Lameki alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kule alikoishi alizoea Kibemba hata kila sentensi yake ilimalizikia na "mukwai", neno lao la heshima.

Kwa sababu ya ushemeji huo, tangu atoe jina lake sikukanyaga kwake. Mke wangu alilalamika. "Kaka yangu anakesha na tupa mkononi, wewe hata kumsalimu huendi?"

"Nikienda leo, akishinda kesho watasema nilimwonyesha," nilimjibu.

Nilijiona mtu wa haki kweli. Kumbe kama ningekwenda mara moja tu, nikatazama magurudumu yale, yaliyofuata yasingetokea.

Siku yenyewe karakana ilijaa. Tulifungua milango yote miwili mikubwa, na bado watu walisimama nje kwenye matope ya mvua za mwisho. Waamuzi tulikuwa watatu mezani: Bwana Injinia, mwalimu wa misheni, na mimi. Mabehewa yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia, lakini mawili yalisimama peke yake. Behewa la Haonga lilikuwa la mifugo, kila ubavu umenyooka, rangi ya udongo mwekundu. La Lameki lilikuwa la mawe ya shaba, na alilitengenezea breki. Ukizungusha gurudumu dogo lililo pembeni, vipande viwili vya mti vilibana magurudumu. Bwana Injinia alilizungusha mara tatu kama mtoto.

Kisha tukaanza mwendo. Washindani watano walitangulia kuyaachia ya kwao. Haonga akaliachia lake. Likateremka taratibu, mchanga haukumwagika hata punje, likagusa kizuizi cha mwisho. Watu walipiga makofi.

Lameki akaja, akaweka lake juu ya reli. Halikukaa. Akaliinua, akaliweka tena. Magurudumu ya upande mmoja yaliingia, ya upande wa pili yakapanda juu ya chuma. Mtu akacheka nje. Lameki akatoa rula mfukoni, akapima magurudumu yake, akapima reli yangu, akaniangalia.

"Shemeji, hii reli yako ni nyembamba, mukwai."

"Haiwezekani," nilisema. "Nimeipima mwenyewe."

Haonga alikohoa kule nyuma. "Si kosa la kupima, fundi. Reli ya Tabora, ambayo hii imeiga, ni ya mita moja. Ya kule kusini ni futi tatu na inchi sita. Zinapishana inchi mbili na nusu na kidogo. Kwa kipimo chetu ni karibu sehemu ya nane ya inchi."

Sehemu ya nane ya inchi. Katika tangazo langu lote, nililolisoma mara nne kabla ya kulibandika, sikuandika popote upana wa njia. Lameki alikuwa ameunda behewa sahihi kabisa la reli anayoijua. Agizo langu lilisomwa na mtu nisipokuwepo, akatengeneza kitu kingine.

Bwana Injinia alinong'ona, "Kanuni ni kanuni. Lisilofika mwisho halishindi. Tuendelee."

Nilijua kilichokuwa mbele yangu. Nikinyamaza, shemeji yangu anarudi nyumbani amechekwa kwa kosa langu. Nikimtetea, mji mzima utasema Simkoko ameandaa mashindano ili ukoo wa mkewe upate randa. Nikasimama.

"Kosa ni langu," nilisema kwa sauti ya kufika nje. "Tangazo halikutaja upana wa njia. Huyu ni shemeji yangu, wote mnajua. Kwa hiyo mimi natoka mezani, siamui tena. Amueni ninyi washindani: behewa hili liondolewe, au lipewe njia yake."

Nikaenda kusimama ukutani pamoja na watazamaji. Wote wakamgeukia Haonga, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Haonga alienda mezani, akalibinua behewa la Lameki, akatazama chini, kwenye mhimili na vyuma vya breki. Akapitisha kidole. Akauliza, "Haya mabamba uliyakata kwenye kitu gani?"

"Kwenye kopo la mafuta, mukwai. Nikayanyoosha kwa moto."

"Moto wa mkaa gani?"

"Wa kawaida tu."

Haonga akalirudisha juu ya meza. "Bwana Injinia," alisema, "mimi nikichukua randa leo, kila nikikutana na mtu huyu njiani nitatazama pembeni. Vipande vya chuma bado vipo ghalani. Saa mbili zinatosha kutandika njia nyingine."

Bwana Injinia alitazama saa yake, akatazama ule umati. Kisha akavua koti. "Saa mbili," alisema. "Lakini mimi ndiye nitakayepima."

Sijawahi kuona kazi ikienda vile, hata darajani Momba mafuriko yakitukimbiza. Washindani saba walipiga magoti kwenye sakafu ile ile. Mmoja alikata mataruma, mwingine alitoboa kwa keekee, Haonga alinyoosha chuma kwenye jiriwa, na Lameki akapita nyuma yake na kipande cha mti alichokikata kwa upana kamili, akikisukuma kati ya reli ili kuhakikisha haipanuki wala haibani. Mwalimu alipewa kazi ya kushika gundi. Mimi nilikatazwa kugusa chochote. "Wewe si mwamuzi wala mshindani," Haonga aliniambia, "kaa hapo." Nikakaa.

Jua lilipoanza kuteremka, reli ya pili ilikuwa imelala sambamba na ya kwanza. Lameki akaweka behewa lake. Likakaa. Akafungua breki, akaliachia. Lilitembea futi ishirini, likafika mwisho, na yeye hakushangilia. Alisimama tu na mkono mdomoni.

Waamuzi wawili waliobaki walihesabu alama. Haonga alishinda, kwa sababu mchanga wa Lameki ulimwagika kidogo mwanzoni. Wengine walinong'ona. Lameki alimpa Haonga mkono kabla hata ya randa kutolewa, akaniambia baadaye tukirudi nyumbani, "Shemeji, nilitaka litembee mbele ya watu. Limetembea." Usiku ule nilikula ugali kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu tangazo lile libandikwe.

Tulifanya mashindano mengine mara tatu kabla Bwana Injinia hajahamishwa. Kila tangazo niliandika upana wa njia kwenye mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, hata watu wakanitania. Sikujali. Mafundi niliowafundisha baada ya hapo niliwapa maagizo yangu wayasome mbele yangu, wanieleze walichoelewa, ndipo nikawaruhusu kukata ubao. Waliona nachelewesha kazi. Madaraja yao yapo mpaka sasa, mtu yeyote akayakague.

Nilistaafu mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Wakanipa barua nzuri yenye mhuri, nikahamia Mbozi kwenye shamba dogo la kahawa, nikajenga nyumba. Siku ya kuhamia, Haonga na Lameki walikuja pamoja wakiwa na mkokoteni. Walikuwa wameshaanzisha karakana yao, na juu ya mkokoteni palikuwa na mlango wa mninga. Hawakuniambia nani alifanya nini, na nilipouliza walicheka. Mimi ni seremala, najua mkono wa mtu kwenye ubao kama unavyojua sauti ya ndugu yako. Nimeukagua mlango ule asubuhi nyingi, kila kiungo, kila bawaba, nikitafuta mahali ambapo mkono wa mmoja unaishia na wa mwenzake unaanza. Sijapaona.