Nesi wa Malori, Miritini

Nesi wetu wa kituo cha malori hapa Miritini hampimi dereva kabla hajamuuliza, taratibu, huko alikotoka mpox wanaikabili vipi. Wa Kampala akamsifia ndoo za kunawia mpakani. Wa Kigali, simu ya daktari kila asubuhi kwa wanaougua. Jema hulichukua: ndoo keshaziweka, simu huwapigia wagonjwa mwenyewe.

Jana dereva wa Bukavu alishuka, akawahi kuficha mikono mifukoni, ila tulishaona ina malengelenge. Foleni nzima ilirudi nyuma, nami nikiwamo.

"Kila nchi niliyopita watu wamenikimbia," akasema. "Na nyinyi hapa mnafanyaje?"

Nesi alivaa glavu mpya, akamnyoshea mkono mpaka naye akautoa wake.

"Hapa kwanza twasalimiana, kaka. Za safari?"