Orioni Alipopofuka

Baba yangu alikuwa mbishi, na ubishi huo nimeurithi wote. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa Bariadi alishasema yanatibika, lakini mzee hakutaka kutoka kijijini kwetu Nkoma. Kisu cha daktari hakukiogopa. Alichokataa ni kushikwa mkono mjini, yeye aliyeswaga ng'ombe mnadani tangu ujana, watu wamwone anavutwa kama mbuzi.

Nilikasirika. Niliapa kwamba macho yale hayatazimikia nyumbani nami nikiwa hai.

Jioni moja ya Desemba, baada ya palizi ya pamba, tulikaa uani tukisubiri ugali. Orioni alikuwa anapanda mashariki, amelala ubavu kama kawaida yake huku kwetu, nyota tatu za mkanda wake zimesimama wima. Nikamwuliza baba kama anaziona. Akasema anaziona vizuri tu, na kidole chake kikaelekea kwenye paa la jiko.

Sikumbishia. Nikamsimulia hadithi niliyoisoma sekondari: Wagiriki walisema Orioni alikuwa jitu, mwindaji, akatobolewa macho na baba wa binti aliyemtaka. Akaambiwa aende hadi linakochomoza jua, limponye. Akaenda, akapona.

Baba akacheka. Akataka kujua jitu kipofu lilionaje njia. Nikamwambia lilimbeba mtu mabegani, awe analielekeza.

Ugali ukaletwa, naye hakunawa.

"Kwa hiyo kipofu ndiye aliyebeba?"

"Ndiye, baba."

"Basi, ng'wanone, mwanangu, wewe weka mkono begani kwangu. Wangu usiushike."

Wiki ileile tukaenda Bariadi. Kutoka stendi alibeba mkoba wangu, akatangulia, kifua mbele. Mimi nilifuata nyuma, mkono begani kwake, nikimbonyeza kulia, nikimbonyeza kushoto, na kwenye mtaro nikimvuta shati asimame. Karibu na hospitali mama mmoja muuza karanga alitutazama, akanionea huruma. Akamwuliza baba binti ameanza lini kupoteza macho.

Nilikaza macho mbele bila kupepesa, kama sioni kitu. Mji mzima ungeniita kipofu siku ile, ningeitika.

"Hata si siku nyingi," baba akamjibu. "Ndiyo nampeleka."

Nikambonyeza bega la kulia, tukaingia getini.