Waliniombea Msamaha wa Ugonjwa

Walioandaa semina hii wameniomba niongee kwa upole kwa sababu wakubwa wa kazi wamekuja. Nawasalimu wakubwa wa kazi. Upole sina. Nilikuwa nao zamani, na huo ndio uliokaribia kuniua.

Naitwa Felista, mzaliwa wa Mkuu, Rombo. Nilikuwa mtu wa nguvu zangu. Nilipenda kucheka na nilipenda kula. Mtori wa mama nilikuwa namaliza bakuli na kuomba jingine. Nilishuka Moshi mjini nikiwa msichana, nikapata kazi ya kuchambua kahawa ghalani. Mnakaa mezani wanawake watupu, kahawa imemwagwa mbele yenu, mnatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu. Mikono inafanya kazi, midomo inapiga soga. Nikajituma, nikafanywa msimamizi.

Likaja soko huria. Ghala letu likachukuliwa na kampuni binafsi, na kampuni ikatuletea meneja, Mchagga mwenzetu, suruali imepigwa pasi utadhani anaenda kuoa. Alipunguza watu nusu, kahawa ikabaki ile ile. Wasimamizi wenzangu waliondolewa wote, nikaachiwa meza zote mimi. Soga zikapigwa marufuku. Hata kwenda chooni ilibidi mtu aombe ruhusa, na ruhusa ilitoka kwangu, kwa hiyo wenzangu wakanichukia mimi badala ya meneja. Yeye akipita alikuwa na wimbo mmoja tu: "Nje ya geti kuna wengine."

Usingizi ndio ulikuwa wa kwanza kunikimbia. Halafu chakula kikakosa ladha, natafuna kama natafuna karatasi. Nilikonda mpaka sketi naifunga kwa kamba. Siku zangu za mwezi zilikatika, majirani wakanong'ona kwamba nina mimba. Nikisikia honi ya gari la meneja getini, moyo unadunda, jasho linanitoka. Nilikuwa nakimbilia chooni, mimi mtoa ruhusa, bila ruhusa ya mtu.

Asubuhi moja honi ililia, miguu ikakataa. Nikaanguka juu ya rundo la kahawa, na mkojo ukanitoka. Nasema wazi mbele ya wanaume, mkojo ulinitoka na sikuweza kuuzuia. Meneja alisimama akanitazama. Alisema, "Mwondoeni hapo, ataharibu kahawa."

Nikapelekwa nyumbani. Nililala nimegeukia ukuta. Mama alisema nimerogwa. Shangazi alisema ni uvivu nilioutoa mjini. Lakini mwenye neno la mwisho kwetu, tangu baba afariki, ni kaka yake, Baba Mkubwa Proches. Naye alikuwa na swali moja.

"Huyo meneja wako amekasirika?"

"Amekasirika, Baba Mkubwa."

"Basi tumpelekee isale."

Niwaeleze mliotoka mikoa mingine. Isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu vibaya, unampelekea isale, na kwa mila yetu hawezi kukataa kukusamehe. Ni desturi nzuri, imezuia damu nyingi mlimani kwetu. Lakini ni ya mkosaji. Mimi nilikuwa mgonjwa.

Baba Mkubwa alilifunga jani fundo, akabeba na mbege, pombe yetu ya ndizi, akateremka mjini mpaka ofisini kwa meneja. Meneja akapokea. Akasema, "Nimemsamehe. Arudi kazini." Mzee akapanda Rombo kifua mbele, nyumba nzima ikafurahi. Hakuna aliyeona kwamba nilikuwa nimeshahukumiwa.

Nikarudi, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa sikuwa na haki ya kusema lolote. Nikiomba msaidizi, anajibu, "Si nilikusamehe?" Nikisema nina kizunguzungu, nikae kidogo, anasema, "Felista, hata isale ina mwisho." Nikaanza kutamani kufa. Sikuwa na hasira na mtu. Nilitaka tu nisiwepo honi ikilia.

Aliyeniokoa ni mchambuaji wa meza ya mwisho, Mama Neema, mtu wa Singida. Alinikuta mchana nyuma ya ghala nalia bila sauti. Isale hakuijua, ikabidi nimsimulie yote. Akaniuliza, "Kwani ulimkosea nini?"

Tangu nianze kuumwa hakuna aliyeniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe sikujiuliza.

"Niliumwa," nikamwambia.

"Sasa mtu anaombewa msamaha kwa kuumwa? Ungeharisha je, wangepeleka shamba zima?" Nikacheka, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu, kikageuka kilio tena. Nikamwambia kwamba nataka kufa. Hakunihubiria. Alinishika mkono, tukatoka getini saa za kazi, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nafikiria kujiua, hivyo hivyo, kama anavyomuuliza mtu iwapo anakohoa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hii ni sonona. Ni ugonjwa, na unatibika." Nikalazwa. Dawa zilinikausha mdomo na kunifunga choo, na mwanzoni sikuona nafuu yoyote. Nikataka kuziacha, daktari akanikatalia. Kisha siku moja nikasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa jikoni, nikasikia njaa. Msiowahi kuikosa njaa hamtanielewa.

Baba Mkubwa alikuja kuniona. Daktari alimwamkia, halafu hakumficha kitu. "Mzee, dawa itamsaidia. Lakini mkimrudisha pale kama mkosaji, mtamleta tena hapa, au hamtawahi kumleta."

Mzee alikaa anazungusha kofia mikononi. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, kalichukue lile jani."

"Isale hairudishwi, mwanangu."

"Basi mimi sirudi, si kazini, si nyumbani."

Nilipotoka hospitali tulikwenda wote ghalani. Meneja alikuwa kati ya meza, na Baba Mkubwa akasema mbele ya wanawake wote, "Nilikuletea isale kwa kosa ambalo halikuwepo. Mtoto wetu aliumwa. Nimekuja kuchukua jani letu."

Meneja akacheka. "Lile? Nililitupa siku ile ile, mzee wangu."

Mchagga hatupi isale aliyopelekewa, hata awe mlevi. "Kumbe hata hukumsamehe," akasema Baba Mkubwa. "Ulikuwa unamtumikisha tu."

Wanawake wakaondoa mikono mezani. Ni wale wale walionichukia. Hakuna aliyegusa punje mpaka meneja alipokubali kuweka msimamizi wa pili, mapumziko ya mchana, na mgonjwa kwenda hospitali bila kupiga magoti. Msidhani aliguswa moyo. Malori yalikuwa yanasubiri kahawa.

Nimepona. Dawa niliacha kwa ruhusa ya daktari, na siku mbaya zikija nakwenda kumwona mapema. Mwenzako akianza kunyamaza, akikonda, muulize na usubiri jibu. Akikuambia anataka kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Wazazi, acheni kuwapigia mabosi magoti kabla hamjamuuliza mtoto wenu anaumwa wapi. Na ninyi wakubwa mlioketi mbele, leo mtatupa soda na fulana zenye maneno mazuri. Fulana tunazo. Tuongezeeni watu mezani.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Baba Mkubwa kwa kuweza kusema amekosea akiwa na mvi zake. Zaidi ya wote namshukuru Mama Neema. Alifukuzwa kazi kwa kunitoa getini bila ruhusa, na hilo meneja alikataa katakata kulibadilisha. Sasa analima vitunguu Kahe. Nimeuliza kwa nini hakualikwa leo, nikaambiwa nafasi ni chache.

Padre wangu kila mara ananisihi nimsamehe yule meneja. Namjibu, Padre, hajaniomba.