Simu Iliyompandishia Mjane Bei

Ujinga wenyewe ni huu: niliifundisha simu ya mama kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, bila mama.

Hapa Rumonge mnada siku hizi uko kwenye simu. Mitumbwi ikirudi alfajiri, mwenye mtumbwi anatuma picha ya beseni kwenye kundi la wanawake wanunuzi. Wanaandika bei, na wa juu anachukua. Mama alikuwa anashindwa kwa sababu anaandika kwa kidole kimoja, tena anatafuta miwani kwanza. Mimi, bingwa wa informatike wa lise, sekondari yenye kompyuta mbili, moja ikiwaka, nikamtengenezea programu: mtu akitaja bei, ongeza kidogo, mpaka wanyamaze. Kila bei nikaiwekea na kijembe chake. "Mama, mufuko imetoboka?" "Umechoka, rudi ndani ulale." Wanawake walicheka wiki nzima. Mama alinikemea huku anacheka, akaiacha iendelee.

Kisha jirani yetu, ambaye mumewe alizama ziwani, akatoka eda. Watoto wake walikuwa wameanza kula kwa watu. Kwetu mjane akirudi kwenye biashara, beseni la kwanza ni lake: anataja bei ndogo, wengine wananyamaza, mwenye mtumbwi anafunga mnada. Hakuna anayelitangaza jambo hilo, wala kwenye kundi halikuandikwa popote. Mama aliiacha simu nyumbani kwenye chaji, makusudi, ili asitaje bei, akaenda kukaa na jirani wakati akinunua. Mimi nilikuwa nakoroma. Programu haikoromi.

Jirani akaandika bei yake. Kundi zima kimya. Jina la mama likaongeza. Akadhani ni makosa, akaongeza na yeye. Jina la mama likaongeza tena. Mama alikuwa pembeni yake anamenya muhogo. Jirani akamgeuzia simu aone. Mama akatoka mbio na kisu mkononi, lakini alipofika nyumbani mnada ulikuwa umefungwa, beseni limekuwa lake. Kijembe cha mwisho kilichotumwa kilikuwa kile cha kurudi ndani kulala. Ndani ambako mwenzake alikuwa amekaa eda miezi yote ile.

Mama alilibeba beseni mwenyewe mpaka kwa jirani, mimi nyuma yake. Jirani alitupokea kwa heshima, mlangoni.

"Murakoze, asante, dada," alisema. "Lakini wewe njo ulishinda. Iko yako."

Akafunga mlango taratibu. Kesho yake mama aliandika bei kwa kidole chake, na hakuna aliyeshindana naye, hakuna aliyecheka.

Nilifuta programu. Nilimweleza mama kwamba ile ni hesabu tu, haijui nani ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndagala zikianza kunuka kati yetu, kisha akasema:

"Wote walinyamaza. Hata yule mwenye hanipendi alinyamaza. Mimi njo nilimuambia arudi ndani, na nilikuwa nimekaa naye."